GPS ikipotea angani: inersha, DME, VOR, rada, au ramani na saa?

Mawimbi ya GPS husafiri zaidi ya kilomita 20,000 kabla ya kuifikia antena ya ndege. Yakifika yamedhoofika mno, hata kifaa cha wati chache kilichowashwa ardhini kinaweza kuyafunika. Kwa hiyo rubani yeyote, awe na injini moja ya pistoni au ndege ya abiria mia tatu, anatakiwa ajue kabla ya kuruka atafuata nini setilaiti zikinyamaza.

Wengi hukwama kwenye uchaguzi huo kwa sababu huuliza ni njia ipi iliyo sahihi zaidi. Swali hilo halina jibu moja. Kila njia hukosea kwa namna yake: ipo inayokosea kadiri muda unavyopita, ipo inayokosea kadiri unavyokaa mbali na kituo, na ipo inayotegemea pembe ambayo vituo vimekaa ukiviangalia kutoka ulipo. Njia ya kuitegemea ni ile ambayo kosa lake unaweza kulikadiria mahali ulipo, saa uliyonayo. Kila mahali hapa chini, maili ni maili ya baharini, yaani mita 1,852.

Kwanza jua umepatwa na nini

Kuzibwa kwa mawimbi ni jambo moja, kughushiwa ni jingine. Yakizibwa, kipokezi hupoteza setilaiti na kusema hivyo: onyo hutokea, namba hufutika, mara nyingi kwa vipokezi vyote viwili kwa pamoja. Yakighushiwa, kipokezi huendelea kutoa mahali, saa na kasi kwa uhakika wote, ila vyote ni vya uongo. Ukaguzi wa ndani wa kipokezi unahitaji setilaiti 5 kugundua iliyokosea na 6 kuitenga, lakini umeundwa kuikamata setilaiti moja mbovu. Mghushi anayetuma mawimbi ya uongo ya setilaiti zote kwa mpangilio mmoja anaweza kupita bila kugunduliwa.

Dalili za kughushiwa zinajulikana. Saa ya ndege inaruka mbele au kurudi nyuma. Upepo unaoonyeshwa na kompyuta unabadilika ghafla bila sababu ya hali ya hewa. Kasi ya ardhini haiendani na kasi ya hewani. Onyo la kukaribia ardhi linalia ukiwa kwenye kimo cha safari. Mahali pa GPS panaachana na mahali pa inersha, yaani mfumo wa ndani unaopima mwendo wa ndege.

Ukiona mojawapo, fanya haya kwa mfuatano:

1. Hamisha otopailoti kutoka kwenye mstari wa kompyuta na uiweke kwenye uelekeo. Shika kimo.
2. Andika saa na mahali pa mwisho ulipopaamini. Tumia saa ya mkononi ikiwa ya ndege imetiliwa shaka.
3. Fungua kwa mkono kituo cha VOR (redio ya ardhini inayokupa mstari ulipo) na DME (inayokupa umbali), kitambue kwa msimbo wake wa Morse, kisha ulinganishe.
4. Ondoa GPS kwenye hesabu ya kompyuta kwa utaratibu wa kitabu cha ndege yako.
5. Mwambie mwongoza ndege umepoteza nini na umebaki na nini: "Sina GPS, nina VOR na DME, naomba uelekeo."

Kuhusu onyo la ardhi: kwenye futi 37,000 unaweza kujua kwamba ni la uongo. Ukiwa chini, usiku au ndani ya mawingu, litii. Kulizoea onyo hili kuwa ni la uongo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika jambo hili zima, na marubani wanaopita maeneo yenye kughushiwa kila wiki ndio walio karibu nayo zaidi.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia imepimwa kwa maswali yaleyale. Kosa lake linakuzwa na nini? Inajitegemea kweli, au kuna mahali inachota kutoka kwa setilaiti bila wewe kujua? Inahitaji nini ndani ya ndege na ardhini? Ikiharibika, inakwambia? Inampa rubani kazi kiasi gani? Na mwisho, inakufikisha wapi: inakuweka njiani tu, au inaweza kukuleta hadi kwenye njia ya kutua?

Mfumo wa inersha

Jairoskopu za leza na vipima mchapuko hupima kila mwendo wa ndege tangu ilipokuwa imesimama, kisha kompyuta hujumlisha. Hakuna wimbi linalotoka nje, kwa hiyo hakuna cha kuzibwa. Juu ya bahari, mamia ya maili kutoka kituo chochote, hakuna mbadala wa ndani ya ndege unaoikaribia.

Kosa lake hukuzwa na muda. Kiwango kinachokubalika ni maili 2 kwa kila saa, ingawa mifumo mizuri ya leza mara nyingi hufanya vizuri kuliko hapo. Saa tatu bila kusahihishwa, hesabu hadi maili 6. Kanuni nazo zinafuata hesabu hiyo: kwenye njia za RNAV 5 (zinazotaka usahihi wa maili 5), inersha isiyosahihishwa na redio inaruhusiwa kwa saa 2 tangu ipangwe au isahihishwe ardhini, na kwenye RNP 10 za baharini (usahihi wa maili 10) kikomo cha kawaida ni saa 6.2. Kosa hilo halikui kwa mstari ulionyooka. Hupanda na kushuka kwa mzunguko wa dakika 84.4, hivyo ukaguzi mmoja unaoonyesha tofauti ndogo hauthibitishi kwamba mfumo ni mzima. Kagua mara mbili au tatu, kwa nafasi ya dakika 20 hivi.

Udhaifu wa pili uko mwanzoni. Mfumo hupangwa ndege ikiwa imesimama kabisa, kwa dakika 5 hadi 10 katika latitudo za kawaida na zaidi karibu na ncha za dunia, nawe ndiye unayeuambia uko wapi. Mzunguko wa dunia huusaidia kugundua latitudo iliyokosewa. Longitudo hauwezi kuigundua kwa njia hiyo. Mwezi Machi 2015, Airbus A330 iliondoka Sydney ikiwa na longitudo iliyoandikwa 01519.8 mashariki badala ya 15109.8. Kosa hilo la tarakimu chache liliihamisha ndege kwenye hesabu kwa zaidi ya kilomita 11,000. Ilikuwa inaelekea Kuala Lumpur, ikaishia kutua Melbourne.

Sasa swali la kujitegemea, ambalo watu hulipita haraka. Ndege nyingi za kisasa huchanganya inersha na GPS ili kupata mahali pamoja palipo sahihi zaidi. Mawimbi yakighushiwa, mchanganyiko huo huburutwa pole pole. Taarifa za kughushiwa zilizoongezeka tangu Septemba 2023 ziliwaonyesha marubani jambo ambalo mafunzo mengi hayakuwa yamelisisitiza: kuzima GPS baada ya kughushiwa hakurudishi mahali palipokwisha kuharibika. Kwa hiyo, kama kitabu cha ndege yako kinaruhusu, iondoe GPS kwenye hesabu kabla ya kuingia eneo linalojulikana. Tena ujue ni ukurasa upi wa kompyuta unaoonyesha inersha tupu isiyochanganywa.

Kazi kwa rubani ni ndogo, na onyo la kuharibika lipo, hasa penye mifumo mitatu inayolinganishwa. Lakini haiwezi kukuwezesha kutua. Inakufikisha karibu na kiwanja, kisha unahitaji kitu kingine. Inawafaa wanaoruka mbali, juu ya maji au jangwa, katika ndege kubwa.

DME mbili kwa pamoja

Ndege hutuma mapigo, kituo husubiri mikrosekunde 50 kisha kujibu, na muda uliobaki hugeuzwa kuwa umbali. Kila maili moja huchukua mikrosekunde 12.36 kwenda na kurudi. Umbali kutoka vituo viwili unatoa mahali. Kompyuta ya safari hufanya yote yenyewe, ikibadilisha vituo kila wakati.

Hapa kosa hukuzwa na pembe. Duara mbili zikikatana kwa nyuzi 90, kosa la umbali linabaki lilivyo. Zikikatana kwa nyuzi 30 au 150, kosa la mahali linakuwa mara mbili. Chini ya 30 au juu ya 150, duara zinakaribia kulala moja juu ya nyingine na kompyuta inatakiwa kuzikataa. Umbali unaokubalika nao una mipaka: zaidi ya maili 3, pungufu ya 160. Palipo na vituo vingi vilivyotawanyika vizuri, hii ndiyo njia pekee ya ardhini inayoweza kutimiza RNAV 1, yaani kuwa ndani ya maili 1 kwa asilimia 95 ya muda. Kwenye mabonde na miambao vituo hujipanga upande mmoja, na uwezo huo hupotea.

DME haihitaji setilaiti hata kidogo. Kompyuta inayoichagua ndiyo yenye tatizo. Huchagua vituo kwa kuanzia mahali inapodhani ipo. Ikiwa GPS ya uongo tayari imeihamisha maili 80, itatafuta vituo vya huko, ikose majibu au iyakatae yale yaliyo sahihi kwa kuwa hayaendani na imani yake. Rubani akiona kompyuta imeng'ang'ania mahali pasipowezekana, dawa ni kufungua kituo kimoja kinachojulikana kwa mkono na kusoma umbali na mstari wake bila kupitia kompyuta.

Mengine ni mafupi. DME hupima umbali wa mshazari, hivyo ukiwa futi 36,000 juu ya kituo chenyewe bado utasoma karibu maili 6. Kituo kikizidiwa, na kwa kawaida huhesabiwa kuhudumia ndege zipatazo 100, huanza kuwaacha walio dhaifu. Ikikatika inasema: namba zinatoweka. Inawafaa wenye kompyuta ya safari yenye uwezo huo, juu ya nchi kavu yenye vituo vingi. Ndege ndogo nyingi hazina kompyuta ya kuunganisha DME mbili, hata zikiwa na DME moja.

VOR, pamoja na DME moja

VOR ndiyo njia ambayo rubani wa ndege ndogo anaweza kuishika kwa mikono yake mwenyewe. Kituo hurusha mawimbi mawili ya hezi 30 ambayo tofauti ya awamu zake ndiyo mstari uliopo, ukihesabiwa kutoka kaskazini ya sumaku. Sindano ikifika mwisho umetoka nyuzi 10 au zaidi.

Kosa hukuzwa na umbali. Nyuzi 1 kwa maili 60 ni maili 1. Mfumo mzima ukiwa na kosa la nyuzi 4, kwa maili 15 umetoka maili 1, kwa maili 60 umetoka 4, kwa maili 120 umetoka 8. Kwa hiyo chagua kituo kilicho karibu, hata kama si kile ulichoandika kwenye mpango. Na ukiwa na DME kwenye kituo hichohicho, una mahali kamili bila hesabu yoyote: mstari na umbali.

Kinachoizuia ni upeo wa macho. Zidisha kipeuo cha pili cha kimo chako kwa futi na 1.23 upate maili. Kwenye futi 3,000 ni kama maili 67, kwenye 10,000 ni 123, kwenye 35,000 ni 230, na hayo ni kabla ya kuhesabu milima na kiwango kilichoidhinishwa kwa kituo chenyewe. Ndege ndogo iliyo chini bondeni inaweza kukosa kituo kilicho maili 25 tu.

Makosa ya kibinadamu ni yaleyale miaka yote. Masafa sahihi ya kituo kilichozimwa. Ndiyo sababu ya kusikiliza Morse, kwa kuwa kituo kilicho kwenye matengenezo huondoa utambulisho wake. Kufuata sindano huku kiashiria kikisoma kutoka badala ya kuelekea, ukawa unasahihisha kinyume. Kuikimbiza sindano juu ya kituo, ambako kuna koni ya ukimya (eneo lisilo na mawimbi ya kutegemewa) na sindano inayumba ovyo. Pale shika uelekeo tu mpaka itulie. Na kutumia kipokezi ambacho hakijakaguliwa kwa mwaka mzima kwa sababu GPS ilikuwa inatosha. Kwenye ukaguzi wa vipokezi viwili dhidi ya kituo kimoja, tofauti isizidi nyuzi 4.

VOR ina faida ambayo inersha haina: vipo viwanja vyenye utaratibu wa kukaribia kwa VOR, ingawa kiwango cha chini cha kushuka kiko juu kuliko cha ILS, mfumo wa redio unaoiongoza ndege hadi kwenye njia ya kutua. Tatizo ni kwamba vituo vinapunguzwa. Marekani, kwa mfano, imebakiza mtandao mdogo uliopangwa ili ndege iliyo futi 5,000 juu ya ardhi ipate VOR, na iwe na kiwanja cha kutua bila GPS ndani ya maili 100. Kwingine hakuna dhamana ya namna hiyo. Soma tangazo la marubani kwa kila kituo unachokitegemea.

NDB

NDB ni kituo cha redio cha kawaida, na ADF ni kipokezi chake ndani ya ndege. Sindano ya ADF huelekea kituo, na hilo tu. Wakati wa mchana kosa la nyuzi 5 ni la kawaida. Jioni na alfajiri mawimbi yanayorudi kutoka juu angani huiyumbisha, mwambao huyapinda, na wingu la radi huivuta sindano kwake. Kibaya zaidi haina bendera ya onyo: kituo kikizimika, sindano inaweza kubaki palepale. Sikiliza Morse muda wote. Inamfaa aliye karibu na kiwanja chenye NDB na asiye na kingine.

Uelekeo kutoka rada

Mwongoza ndege anakuona, anakupa uelekeo, unaufuata mpaka unaingia kwenye ILS. Kosa lake halikui na muda wako, na kazi yako ni ndogo kuliko njia zote. Unahitaji redio, transponda (kifaa kinachoijibu rada) na dira. Dira ya jairo ikifa, unaweza kuomba kupinda bila namba: anakwambia anza kupinda kulia, kisha acha, nawe unapinda nyuzi 3 kwa sekunde.

Uliza kama kweli ni rada. Maeneo mengine huonwa kwa ADS-B peke yake, na ADS-B hutuma mahali panapotoka GPS yako mwenyewe. Uongo wako unakuwa uongo wake. Rada ya pili, inayojibiwa na transponda, na ya msingi, inayopokea mwangwi, hupima zenyewe. Jambo lingine: mawimbi yakizibwa, ndege zote za eneo hilo humwomba mtu mmoja kwa wakati mmoja. Omba mapema, sema kwa ufupi, na uendelee kuhesabu mahali ulipo hata ukiongozwa.

Ramani, dira na saa

Njia hii haikatiki, na haihitaji mtu mwingine. Chora mstari kwenye ramani ya 1:500,000, weka alama kila maili 10, andika muda wa kila alama. Kosa hukuzwa na muda na upepo: ukikosea upepo kwa maili 10 kwa saa, baada ya nusu saa umetoka maili 5.

Marekebisho ni hesabu ya moja kwa sitini. Umeruka maili 30 na kujikuta maili 2 kushoto: kosa ni nyuzi 4. Zimebaki maili 60: ili ufike unahitaji nyuzi 2 zaidi. Pinda kulia nyuzi 6. Ukiwa na kalamu na mafunzo ya kutosha, hesabu hiyo inachukua chini ya dakika.

Yanayoharibika: dira ya jairo huhama, ilinganishe na ya sumaku kila dakika 10 hadi 15, mabawa yakiwa sawa na kasi ikiwa thabiti, maana dira ya sumaku hudanganya kwenye kona na kwenye mchapuko. Soma kutoka ramani kwenda ardhini, usisome kutoka ardhini kwenda ramani. Anayeona mto kisha kuutafuta kwenye karatasi ataupata tu, hata kama siyo huo. Tumia alama zisizofanana na jirani zake: makutano ya reli na mto, ziwa lenye umbo la pekee. Haifai ndani ya mawingu isipokuwa kwa dakika chache za kukufikisha kwenye kituo au rada.

Kwa hali yako

*Ndege ndogo, mchana, ukiona ardhi.* Ramani na saa ziwe msingi, VOR iliyo karibu iwe shahidi. Usisubiri upotee ndipo uombe rada. Dakika 5 za shaka zinatosha kuomba.

*Ndege ndogo ndani ya mawingu, kituo kimoja tu.* VOR pamoja na DME ikiwa ndani ya maili 40 hivi. Mbali zaidi ya hapo, omba rada kama ipo, ama panda ili upate kituo kingine. Kimo cha usalama kwanza. Usishuke kwa mahali ulipokisia.

*Ndege kubwa juu ya nchi kavu.* DME mbili zikisahihisha inersha, ikiwa pembe ni nzuri na kompyuta haikuhamishwa. Ikiwa ilihamishwa, VOR na DME kwa mkono, au rada, mpaka upate uhakika.

*Juu ya bahari.* Inersha tupu, ukiandika saa ya usahihisho wa mwisho na kuhesabu maili 2 kwa saa. Ukikaribia pwani, linganisha na DME ya kwanza utakayoipata kabla ya kuingia njia nyembamba.

*Kiwanja unachokwenda kina utaratibu wa setilaiti peke yake.* Hakuna njia kati ya hizi itakayokuwezesha kutua hapo katika hali mbaya ya hewa. Mwaka 2024 safari za Finnair kwenda Tartu, Estonia, zilisimamishwa kuanzia 29 Aprili hadi 31 Mei kwa sababu hiyohiyo, huku utaratibu usiotegemea GPS ukitafutwa. Chagua kiwanja mbadala chenye ILS au VOR, kisha soma ukurasa wake hadi chini: zipo ILS ambazo njia ya kuingilia au hatua za kuahirisha kutua zimeandikwa kwa RNAV inayotaka GPS. Kama ndivyo, omba hatua mbadala kabla ya kuanza kukaribia, na beba mafuta ya kukufikisha huko pamoja na ya kuzunguka ukisubiri zamu, kwa kuwa wengine nao watakuwa wameelekezwa hukohuko.